Naomba

Landhi za reli, Nakuru, safu ya tatu kutoka mferejini:
milango rangi ya damu ya mzee, kuta zimekula moshi,
na Menengai imejilaza chali
kama mtu aliyeapa haendi kazini leo.
Upepo ukitoka ziwani ulituletea vumbi la magadi,
ukigeuka, pareto ya kiwandani.
Tulipiga chafya mwaka mzima
tukidhani ndivyo watoto wote hukua.

Baba alichochea moto wa injini mpaka Kisumu na kurudi.
Safari yake niliisoma kwenye nyusi:
zikiungua, mlima ulikuwa mkaidi.
Mfukoni mwa ovaroli, viazi viwili vya Molo
vilivyochomwa juu ya sepetu,
navyo tulivila na maganda, na masizi, na kila kitu.

Ukuta mmoja na sisi, kina Maganga,
watu wa Tabora, walioletwa na Jumuiya
pamoja na kitanda cha chuma, cherehani,
na Kiswahili kilichopigwa pasi.

Siku moja Mama alinituma:
"Nenda kwa Mama Nyamizi useme, leta chumvi."
Nikaenda, nikasema, leta chumvi.
Mama Nyamizi akaganda, mwiko hewani,
akacheka hadi kanga ikamlegea.
"Mwanangu, umekuja kudai deni?
Sema, naomba chumvi."
Nikasema.
Neno likanikaa kinywani kama meno ya kuazima.

Nyamizi tulilingana kimo na ukaidi.
Yeye aliziita ndala, mimi nikaziita pata-pata;
tulipochoka kubishana tukabadilishana za kushoto,
yangu nyekundu, yake samawati,
tukatamba uwanjani kila mmoja na rangi mbili.
Wenzetu walisema ni umaskini.
Ulikuwa umaskini pia.

Sabini na tatu, mwezi ulipolila jua,
Mwalimu Trufena alituonya tusitazame juu.
Tukainamia karai la maji, vichwa vikigongana,
na Nyamizi akanong'ona, "Limeng'atwa kama andazi,"
kisha akatia kidole majini
akalivuruga jua lote, lililong'atwa na lililobaki.

Halafu sabini na saba.
Redio ilisema maneno marefu,
watu wazima wakayasikiliza wamesimama.
Nilichoelewa ni sauti ya skrubu:
kitanda cha chuma kilikuwa kinafunguliwa.
Waliondoka kwa lori. Mtu wa reli, kwa lori!
Baba alishika ncha ya kamba iliyokwisha fungwa,
akaishika tu,
nyusi zake nzima wiki ile, kwa kuwa hakuna treni iliyotoka.

Cherehani haikupata nafasi.
Mama Nyamizi akaingia kwetu, viatu mkononi,
akamwambia mama yangu,
"Naomba mnitunzie."
Miaka yote ile tulikuwa tumeomba sisi,
chumvi, kiberiti, uzi, sindano ya kutolea mwiba;
ndiyo mara ya kwanza alituomba yeye.

Mpaka ukafungwa. Barua moja ilifika, imefunguliwa,
nyingine hazikufika, au hazikuandikwa.
Mama aliipaka mafuta ile cherehani kila mwisho wa mwezi,
akaizungusha gurudumu mara tatu, ikaguguna hewa,
akaifunika tena kwa gunia la sukari.
Hakuishonea hata kifungo.
Sare zetu za shule zilishonwa kwa mkono,
na mishono yake ilipinda
kama njia ya Londiani.

Sasa ninayo mimi, sebuleni, chini ya kitambaa.
Wajukuu wanaiita meza.

Jana dukani nilisema, "Naomba chumvi, kijana."
Akainua macho kutoka kwenye simu:
"Mama, wewe ni wa Tanzania?"
Nikafungua mdomo nimwambie, hapana, ni wa landhi,
safu ya tatu kutoka mferejini,
lakini foleni ilikuwa ndefu nyuma yangu.
Nikapokea chenji, nikashukuru,
nikatoka polepole juani,
miguuni viatu vya rangi moja.